Nati za Upande wa Kushoto

Kila mtaa una mtu mmoja anayeulizwa kila kitu kwa sababu hajawahi kusema "sijui." Wetu, pale Bwaise, tulimwita Afande. Alikuwa amestaafu jeshini, kikosi cha magari, na habari hiyo ungeipata kabla hujamaliza kumsalimia. Jina lake la nyumbani sikulijua wala sikulitafuta. Hata mkewe alimwita Afande, ingawa yeye alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Makao yake makuu yalikuwa mbele ya karakana moja kando ya barabara ya Bombo, juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi. Karakana haikuwa yake. Hakuajiriwa pale, na sikumbuki kumwona akishika gari la mteja. Mafundi walimwacha akae kwa sababu kumwondoa kungehitaji mazungumzo, na mazungumzo na Afande hayakuwa na mlango wa kutokea. Alikaa hapo tangu asubuhi, buti zinang'aa, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na pembeni yake spana ndefu ya magurudumu, ya jeshi, imefungwa kitambaa cha kijani. Watu walimuuliza njia, dawa ya minyoo, bei ya kiwanja na sababu ya umeme kukatika. Alijibu vyote. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa debe lenye pensheni.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Kampala na mume, mume akaenda zake, nikabaki na nguruwe. Nawafuga mbele kidogo ya Matugga, mwenyewe nalala Bwaise, na kati ya huku na kule nina lori dogo kuukuu la Kijapani ambalo naliendesha kwa mikono yangu. Afande hakunisamehe hata moja kati ya haya. Siku ya kwanza aliponiona nyuma ya usukani alikuja dirishani, akachungulia ndani kana kwamba kuna mtu nimemficha.

"Nyabo," akasema, yaani bibi kwa Kiganda, "dereva yako narudi lini?"

"Dereva ni mimi, mzee."

"Kale, sawa. Lakini dereva narudi lini?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha, hakikuwa na muda wa kulinganisha maneno. Kila kitu kilikuwa "hii" na kila mtu alikuwa "wewe." Herufi za R na L alizitumia kama watu wengi wa hapa, inayokuja mdomoni ndiyo hiyo: gari lilikuwa gali, mbele ilikuwa mbere. Kwa wengine nimezoea, na sijioni bora kwa kuwa nimezaliwa Nakuru. Kwa Afande nilikuwa nacheka kwa ndani, kwa sababu yeye ndiye aliyejipa kazi ya kuwasahihisha wenzake.

Falsafa yake kuhusu vyombo ilikuwa moja tu: uzito. "Chuma hapana danganya mutu," alikuwa akisema. "Kitu muzito iko na nguvu. Kitu nyepesi ni ya mutoto." Yeyote aliyetaka kununua jenereta, mashine ya kuchomelea au pampu, alishauriwa aende na Afande, naye Afande alikwenda, akanyanyua kila kilichokuwa dukani, akanusa, akagonga kwa ukucha, kisha akaonyesha kile kilichomkata pumzi zaidi. Jamaa mmoja wa Namuwongo alitaka pampu ya kuoshea magari. Afande akamchagulia moja iliyobebwa na watu wawili. Kumbe ilikuwa pampu ya kunyonya tope mashimoni. Ilitoa maji mengi, taratibu, kama mtu anayemwaga uji. Jamaa alipolalamika, Afande alikwenda Namuwongo, akatazama, akatoa hukumu: "Pampu hapana shida. Maji ya Namuwongo ndiyo nyepesi." Na yule jamaa, Mungu amsamehe, alimshukuru.

Wako watakaosema namwonea, kwamba alikuwa na utu. Alikuwa nao. Mvua zikinyesha Bwaise na mfereji ukifurika, alikunja suruali yake yenye pasi, akawabeba vikongwe mgongoni hadi pakavu, mmoja baada ya mwingine, bila kuombwa. Halafu mwaka mzima akawakumbusha uzito wao. Pesa hakudai kwa msaada wowote. Ukimpa kuku alimpokea, usipompa hakununa. Alichotaka ni kuitwa. Alitaka mtu atumwe kwake, asimame mbele ya kile kiti cha basi, aseme, "Afande, tumeshindwa." Kisha alitaka kungojwa.

Na mimi nilimwita, tena na tena, kwa sababu ya nati za upande wa kushoto.

Njia ya shambani kwangu ni ya miiba na mawe, na tairi hupasuka linapotaka. La upande wa kulia likipasuka, Opio, mfanyakazi wangu, mtu mzima mwenye mikono minene, aliweka jeki, akafungua nati, akabadilisha, tukaendelea na maisha. La upande wa kushoto likipasuka, Opio alining'inia kwenye spana hadi macho yakamtoka. Tuliongeza paipu tupate urefu. Tulisimama wawili juu ya paipu. Nati hazikusogea. Ndipo anatumwa mtu wa bodaboda Bwaise kumleta Afande.

Alieleza sababu kwa upole wa mganga. Sisi huku tunaendesha kushoto mwa barabara, sivyo? Basi magurudumu ya kushoto ndiyo yanayotembea kwenye mfereji. "Kushoto nakunywa maji ya Bwaise kila siku. Kutu nakula bolti mupaka ndani. Kulia natembea pakavu." Nani angebisha? Mfereji wa Bwaise naujua. Ukitumbukiza kijiko asubuhi, jioni huna kijiko.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alivua shati, akalikunja. Kisha akatutoa wote. "Nati naweza kuruka, napasua macho. Simama mbere, angalia balabala!" Mimi na Opio tulisimama mbele ya lori, tumetazama barabara, wawili wazima, tukisikiliza anavyoguna nyuma yetu. Aliguna sana. Aliita majina ya makamanda. Baada ya muda chuma kililia, na Afande akasema, "Moja." Tulipogeuka mwishoni, nati zote zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cha kijani, naye anajifuta jasho. Kufunga pia alifunga mwenyewe, sisi tukiwa bado walinzi wa barabara.

Siku moja niliona kwamba ncha za zile bolti zimechongwa herufi. Za kushoto zina L, za kulia zina R. Nikamuuliza maana yake.

"Ero," akasema bila kufikiri, "ni ya lodi. Ala ni ya rori."

Ero na ala ndizo L na R. Lodi, kwa Kiingereza cha Afande, ni "road," barabara, na rori ndilo lori lenyewe. Yaani alikuwa amezipindua zote mbili, kila moja imekaa kwenye kiti cha mwenzake. Nilicheka hadi nikashikilia mlango wa gari. Niliwasimulia wenzangu kanisani, wakacheka hadi machozi. Herufi zenyewe sikuzifikiria tena, kicheko kilikuwa kitamu mno.

Kilichonifanya niache kucheka ni jike moja la nguruwe. Lilikuwa limezaa juzi yake. Tairi la kushoto likapasuka asubuhi niliyokuwa nakwenda kuchukua chakula cha mifugo, na stoo ilikuwa imebaki vumbi. Nikatuma mtu kwa Afande. Akajibu kesho, ana shughuli ya kumwoza binti wa mwenzake wa jeshini. Kesho ikaja bila yeye. Mtu wa bodaboda aliniletea gunia moja, likaisha mara moja. Afande alitokea siku ya tatu, amenyoa, ananukia marashi, na jike lile lilikuwa limeshakula watoto wake wote. Mwenye nguruwe anajua jambo hilo, na anajua halisahauliki. Afande alichungulia bandani, akatikisa kichwa, akasema, "Nguruwe hapana nidhamu."

Siku hiyo niliapa. Nilitaka lori langu lifunguke siku ninayotaka mimi, kwa mkono wangu au wa Opio, bila kungoja harusi ya mtu. Mjini nilikuwa nimeona mafundi wa tairi wakifungua nati zile zile za kushoto kwa mashine ya upepo, trrr, mara moja, nami nipo kibandani nakunywa chai. Basi nikaamini kinachokosekana shambani kwangu ni nguvu. Na siku hizi kuna mashine za betri, hazihitaji upepo wala umeme, unazishika mkononi kama bastola nene. Watu wanaziita bunduki za nati.

Afande alisikia, sijui kwa nani. Siku nilipokwenda mjini nilimkuta kwenye kiti cha mbele cha lori langu, kofia kichwani. "Wewe nataka bunduki," akasema. "Mimi najua bunduki."

Muuzaji alikuwa mwanamke wa Kinubi mwenye hijabu ya buluu, mtulivu, Kiswahili chake safi kuliko changu. Aliniuliza kwanza nataka kufungua nini, jambo ambalo Afande hajawahi kumuuliza mtu. Nikamwambia: magurudumu ya lori dogo, jembe la trekta la jirani, boriti za banda. Akaweka mashine tatu juu ya meza.

"Mama, usinunue mashine, nunua betri," akasema. "Chagua betri ambayo ukiiharibu utaipata tena hapa Kampala, na inayoingia kwenye msumeno na kwenye mashine ya kukata chuma ya kampuni hiyo hiyo. La sivyo utakuwa na nyumba ya chaja."

Akanionyesha kwamba namba kubwa kwenye boksi ni nguvu ya kufungulia, ya kukazia ni ndogo zaidi, na wenye tamaa husoma ile kubwa tu. Akasema soketi, vile vikombe vya chuma vinavyovalishwa nati, zile zinazong'aa niziache, zitapasuka, ninunue zile nyeusi nene. Kukaza kwa mwisho nikaze kwa spana ya mkono. Mashine ya kichwa cha nusu inchi itanitosha. Ile kubwa kabisa ni ya matrela, itanivunja kiwiko.

Afande hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshaishika ile kubwa kabisa, ameinyanyua, ameinusa. "Hii," akasema. "Hii nakula mafuta gani?"

"Ni ya betri, mzee wangu."

"Betri ni ya tochi." Akaniambia mimi, si yeye: "Nyabo, chukua hii muzito, utupe betri, mimi natafuta mafuta."

Yule mama hakumcheka. Alinigeukia. "Lori lako ni la zamani? Maana yale ya zamani, upande wa..."

"Sisi najua gali yetu!" Afande alipaza sauti hadi wateja wakageuka. "Wewe uza! Hapana fundisha jeshi!"

Nilifikiri ni ujeuri wake wa kila siku, nikaona aibu, nikalipia ile ya wastani nikamtoa dukani kabla hajatuvunjia heshima zaidi. Njia nzima hakusema neno. Nilifurahi. Nilidhani amenuna kwa sababu sikuchukua ile nzito.

Tairi lilipasuka wiki chache baadaye, kushoto nyuma, nguruwe saba wamekwisha pakiwa, mnunuzi anangoja mjini. Sikumtuma mtu popote. Lakini Afande alikuja. Habari za tairi langu zilifika Bwaise kabla yangu, kama kawaida, na saa sita alishuka kwenye bodaboda na spana yake ya kitambaa. Sikumwomba kitu. Akageuza ndoo ya chakula, akaikalia, akakunja mikono.

"Endelea," akasema. "Mimi naangalia tu."

Mashine ina swichi ya kuchagua upande wa kuzungukia; niliiweka upande ule ule tunaofungulia nati za kulia. Nikavalisha soketi kwenye nati, nikabonyeza. Mashine ilipiga kelele, ikapiga nyundo zake, Opio akashangilia, na nati ikaanza kutembea. Nikamgeukia Afande nimwonyeshe meno. Ndipo bolti ikakatika. Ilitoa mlio mdogo, nati ikaanguka na kipande chake cha chuma ndani.

"Kutu," Opio akasema.

Nikatazama ndani ya kile kipande. Chuma kilikuwa cheupe, safi. Afande alikuwa anatazama nguruwe.

Nikaweka soketi kwenye nati ya pili. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amenyanyuka kidogo kwenye ndoo, mdomo umefunguka, mtu anayetaka kusema. Kisha akakaa. Nikabonyeza, na ya pili nayo ikakatika.

Nilitupa mashine chini. Nilimtukana muuzaji, nikautukana mfereji wa Bwaise, nikaitukana Japani yote. Opio akaiokota, akaifuta mchanga kwa shati, akasema labda imeharibika, tuijaribu. Katika kuifuta aliisukuma ile swichi upande wa pili. Akaiweka kwenye nati ya tatu, akabonyeza kidogo tu, aone kama bado inazunguka. Nati ikatoka. Ilitoka laini, yenyewe, ikabaki inazunguka ndani ya soketi kama kifuniko cha chupa ya soda.

Opio akafungua ya nne hivyo hivyo, kisha ya tano. Mimi niliinama nikazitazama zile ncha za bolti. L ni ya "left," kushoto. R ni ya "right," kulia. Mtoto anayeanza Kiingereza angeweza kunisomea. Upande wa kushoto wa lori lile unafungwa kinyume, na tangu nilinunue, mimi na Opio na paipu yetu tulikuwa tunazikaza nati tukidhani tunazifungua. Tulikuwa tunajifungia wenyewe, halafu tunamtuma mtu amlete mwenye ufunguo. Yeye anakuja, anatugeuzia nyuso barabarani, anageuza spana upande sahihi, anaguna kwa ajili yetu.

"Ulijua," nikamwambia.

Akainuka kwenye ndoo. Akarekebisha kofia.

"Jeshi nafundisha siku ya kwanza," akasema.

"Na hukusema? Jike langu likala watoto, na hukusema?"

Alifikiri. Nakiri alifikiri kweli, nilimwona. "Nyabo," akasema, "kama mimi nasema, wewe naniita ya nini?"

Hilo ndilo jibu lililonikasirisha kuliko uongo wote wa kutu, kwa sababu lilikuwa la kweli. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa wapo wa kanisani watakaosoma. Nilimwambia kwamba mtu mwenye ujuzi mmoja tu duniani, akaufungia kwenye kitambaa cha kijani, hana tofauti na mwizi wa maji kisimani. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimemlisha kuku. Alisikiliza amesimama wima, mikono ubavuni, kama anayesomewa mashtaka. Nilipomaliza akachukua spana yake akatembea hadi barabarani kwa miguu. Siku iliyofuata alimtuma mtu wa bodaboda aniletee bolti mbili badala ya zile zilizokatika, mpya, zimepakwa grisi, za upande sahihi. Hazikuwa na salamu.

Habari ilienea, na mimi ndiye niliyeieneza. Sikuwa na haya. Niliwafundisha wenye malori wote niliowajua kati ya Bwaise na Bombo kusoma zile herufi. Walicheka, wengine waligundua kwamba nao wamewahi kusimama mbele ya magari yao wakitazama barabara. Kiti cha basi kiliendelea kukaliwa, lakini watu waliosimama mbele yake walipungua, wakabaki wa kuuliza njia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Mulago. Nilikuwa nimempeleka mke wa Opio kliniki, nikawa natoka kwenye msongamano ulio mbele ya hospitali, gari linasogea kidogo na kusimama. Alitokea kati ya watu. Shati lilikuwa na pasi ile ile, lakini mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa, na bega limeshuka. Alitazama magurudumu kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Nyabo. Gali naendelea?"

"Inaendelea, Afande. Bega limefanya nini?"

"Daktari nasema imekwisha. Nasema hapana nyanyua hata sahani." Akatabasamu kwa dharau. "Daktari yenyewe mutoto."

Akaweka mkono mzima juu ya mlango wangu. Alikuwa amekonda. Msongamano haukusogea, naye hakuondoka.

"Ile bunduki," akasema. "Bado nafanya kazi?"

"Kila wiki."

"Betri ni betri tu." Akainama karibu na dirisha, akapunguza sauti, kama anayenipa siri ya kambi. "Siku moja naisha, uko polini, nguruwe nalia. Siku hiyo wewe tuma mutu. Hapana ona haya. Mimi niko tayali."

Nilitazama lile bega. Najua unachotaka niseme, msomaji. Hata mke wa Opio, aliyekaa pembeni yangu, alinikanyaga mguu ili niseme. Ilikuwa "sawa, Afande, nitakuita," maneno matatu, na yangemtosha hadi kaburini. Huruma ilinipanda, nami nikaikasirikia, kwa sababu hata hiyo alikuwa ameijia mwenyewe, anaingoja pale mlangoni kama deni.

"Ninazo mbili," nikasema. "Moja ikiisha, nyingine iko kwenye chaji."

Aliondoa mkono mlangoni. Mbele yangu nafasi ilifunguka, na bodaboda mmoja akataka kuiingia. Afande akaingia barabarani, akamsimamisha kwa mkono uliobaki, akamfokea arudi nyuma, akanipungia nipite. Nikapita.